Jiwe Lililopanda na Maji

Kila asubuhi, kabla wateja hawajafika, mama mkwe alichuchumaa mlangoni na kusugua kizingiti kwa brashi ya waya. Ndani, mkaza mwanawe, fundi cherehani, alikuwa akipanga vitambaa. Kizingiti kilikuwa bamba la jiwe lenye mistari kama kitunguu kilichokatwa. Lilipasuliwa kilimani, mahali palipokuwa bahari kabla samaki wa kwanza hajazaliwa.

Tangu tajiri mwenye ghorofa la pale mtaani ashindilie kifusi katika mfereji wa maji ya mvua ili apate pa kuegesha magari, kila mvua iliingia nyumba za mtaa huo. Maji yalikwisha kufika kwenye kanyagio la cherehani. Yakifika kwenye mota, nyumba haitakuwa na tegemeo lingine.

Kisha mama mkwe akaumwa mgongo, na jiwe likaota utando wa kijani. Mvua iliponyesha, utando ulinasa mchanga, ukaugandisha, ukajitandika tena juu yake. Maji yalipanda na jiwe likapanda nayo. Maji yakaishia mlangoni, na fundi akaendelea kushona.

Mama mkwe alipopata nafuu, alishika kiuno.

"Mwanangu, uchafu huu! Mlango wa mtu ni uso wake."

"Mama, uso huo ndio unaotukinga."

"Uso wenye makamasi?"

Mama mkwe akalisugua jiwe mpaka likang'aa. Mvua iliyofuata iliingia bila kubisha hodi, na gauni la bibi harusi lililobaki pindo tu likageuka rangi ya chai. Mama mkwe alilitazama gauni, akaitupa brashi jalalani.

Tangu hapo alilinda utando kama mtoto mchanga. Konokono waliokuja kuula aliwaokota na kumrushia jirani asiyesemezana naye. Kiangazi, jiwe lilipopauka na kubanduka magamba, alilinyunyizia maji yenye chumvi kidogo, kwa kuwa lilitoka baharini. Maji yalipopanda haraka, jiwe lilirefuka kama vidole. Yalipotulia, lilitambaa kuelekea ndani, likawa sakafu, likaunyanyua mguu mmoja wa cherehani baada ya mwingine.

Majirani wakaja kuomba utando kama watu wanavyoombana moto. Hata yule wa konokono alikuja na bakuli.

"Umeleta bakuli kubwa," mama mkwe alisema.

"Na konokono wako nimewatunza, dada."

Wakacheka, akamjazia.

Mtaa mzima ulipokwisha kuinuka, mwenye ghorofa alipita na kuwapongeza.

"Mnaona? Kelele zote mlizonipigia kuhusu mfereji zilikuwa za nini?"

"Ufukue, baba," fundi alimwambia, pini zikiwa mdomoni.

"Wa nini sasa, nanyi mko juu?"

Akaenda zake. Wiki hiyo aliongeza kifusi.

Sakafu ilipokaribia dari, fundi akawa anashona ameinama, pesa za gauni zima akazitenga kwa ajili ya muashi. Muashi alikuja na kamba na timazi, akaondoa mabati, akainua kuta. Alasiri upepo ulipita chumbani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi fundi akanyoosha mgongo, akatunga uzi kwa mwanga wa jua.

"Juu nifunge kwa zege?" muashi aliuliza.

Mama mkwe alitazama magari yaliyopangwa juu ya mfereji, kisha wingu.

"Usifunge. Acha nondo zitokeze," alisema. "Bado tunapanda."

Muashi akaziacha, akateremka kunawa mikono.