Mstari wa Mikonge

Kokushubira, afisa mipango miji, aliuona umati kabla hajaiona miche yake. Watu wapatao hamsini walikuwa wamejipanga pande mbili za safu aliyoipanda jana.

Sehemu hiyo ya mtaa wa Nyamisangura ilikuwa imebaki mabati na saruji tupu. Mwezi uliopita wajawazito wawili walizimia kwa joto wakielekea zahanati. Kwa hiyo alichora njia yenye miti ya kivuli. Ili mbuzi wasile miche, aliagiza vibarua wapande mkonge kati ya mche na mche. Hakumuuliza mtu.

Mseti, mwenyekiti wa mtaa, alimvuta pembeni.

"Afisa, umepanda mpaka."

"Nimepanda kivuli, Mwenyekiti."

"Hapa mkonge ni mpaka. Mzee Mniko na Nyamhanga wanagombea kiwanja hiki tangu baba zao wafariki. Wewe umewagawia, tena bila kikao."

Kwao Bukoba mpaka ni mmea wa mramura, na haupandwi bila mashahidi. Alilijua hilo tangu utotoni. Hakuwaza kwamba huku nako kuna mmea wa namna hiyo.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Mniko.

"Marahaba."

Nyamhanga hakungoja salamu yake. "Kwenu Bukoba mnapima viwanja kwa mikungu ya ndizi?"

Ndugu zake walicheka. Upande wa Mniko haukucheka. Kokushubira aliona panga moja, kisha la pili.

"Naing'oa mikonge yote sasa hivi," alisema.

"Na miti," alisema Mniko. "Nayo imesimama mstari."

"Jua hili litaiua, mzee. Nipeni hadi jioni."

"Hadi jioni tutakuwa tumeshazika mtu."

Alichukua jembe. Vibarua wake walibaki kando; hakuna aliyethubutu kugusa mpaka. Aling'oa mikonge, akafukia mashimo, akahamisha miche. Aliipanda mitatu hapa, minne kule, miwili karibu na mtaro, ili jicho lisipate pa kuvuta mstari. Kila alipoinama alisikia nyayo nyuma yake. Hakugeuka.

Kufikia saa saba mchana majani ya miche yalikuwa yamelala kwa jua.

Wegesa, mke wa Mniko, alileta ndoo ya maji.

"Usimwagilie," mumewe alimwambia. "Watasema tumekichukua kiwanja."

Wegesa aliitua ndoo chini, akarudi kwa wenzake. Kokushubira aliinyanyua.

"Ndoo ya nani hiyo, Afisa?" Nyamhanga aliuliza kwa sauti ya upole.

Pande zote mbili zilisogea hatua moja.

Aliirudisha ndoo chini taratibu, pasipo kumwaga tone. Bomba la zahanati lilikuwa mbali, na miche isingesubiri sana. Alipita katikati yao akielekea huko. Alitamani kukimbia. Alitembea, kwa kuwa hakujua nani angeanza kukimbia baada yake.