Nyama ya Jumatano

...na bado ananitazama, mkia unapiga sakafu polepole, nami nimesimama mlangoni na bakuli la nyama kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, maana leo ni Jumatano, siku yangu ya kufunga, na kila Jumatano nyama yangu humwendea Jimi, nilimwahidi Mungu hivyo tangu Ndanu wangu alipoolewa Dandora, nyumba hii ya Mbotela ikabaki na mimi na mbwa tu... lakini jana daktari wa wanyama alisema nyama basi, alichemsha mkojo wa Jimi ndani ya kichupa, ukaganda mweupe kama ute wa yai, nikaona haya, sijui kwa nini, akasema, mama, figo zina vichujio vidogo sana, vyake vimeharibika, protini iliyopaswa kubaki kwenye damu inapita na mkojo, ndiyo lile povu unaloliona penye ua, na damu ikiishiwa nayo, maji yanatoka mishipani yanajaa tumboni, na mimi nilidhani amenenepa, Bwana nisamehe, nilijisifu hata kwa akina mama wa kanisa kwamba mfungo wangu unaonekana kwa mbwa, kumbe mgongo umebaki mifupa chini ya manyoya, na mkono wangu ukipita hapo kila siku... "Mama Ndanu, huyo ana mimba ama amemeza mpangaji?" ni Selpher jirani, pale mferejini, anafua, "Ni dume, Selpher," "Basi ameshiba kutushinda sisi," nacheka naye, ningemwambia ni maji, ningemwambia hatapona, ila akiacha nyama inayozichosha zile figo, akala wali na yai kidogo, huenda akasukuma miezi, lakini Selpher amerudia nguo zake, anaongea juu ya sabuni isiyotoa povu... kwani kuna ugumu gani, geuka, wali uko jikoni, lakini ataunusa aende zake chini ya kitanda, jana usiku alifanya hivyo, nikala peke yangu nikisikia kijiko changu mwenyewe, na je, kama miaka yote hii alikuwa akilisubiri bakuli, ee Mungu, hilo linaniuma kuliko figo zake, niliita sadaka na ilikuwa hongo, nilimlipa ili kuwe na mtu wa kunifurahia nikifungua mlango... "Umenisikia lakini?" ni Selpher tena, "Nimekusikia," sikusikia, uongo mwingine, Jumatano, tumbo tupu... mkia haujaacha, macho yake yako kwenye bakuli, si kwangu, basi yawe huko, nyama hii aichukue Selpher kwa watoto wake, mimi nitaleta wali, akiukataa nitaketi naye hapa sakafuni, akienda chini ya kitanda aende, akinichukia anichukie, mradi nimsikie akipumua humo.