Mshika Mkia

Baba yangu ni mwongo. Nalisema mapema nisije nikalainika katikati, maana mzee huyu ana sura ya kuhurumiwa, nami nina moyo wa kuhurumia, na ndivyo tulivyofika hapa.

Ni fundi mstaafu wa injini za malori. Mimi nashona maturubai na viti vya magari. Tunafanya kazi chumba kimoja nyuma ya nyumba, tumekigawa kwa mstari wa chaki sakafuni: kwake grisi, kwangu nyuzi. Grisi ikivuka mstari napiga kelele mimi. Sindano ikivuka anapiga kelele yeye, tena kwa haki, kwa kuwa hupenda kutembea pekupeku.

Ndege tuliijengea juu ya mstari, kwa sababu nafasi nyingine haikuwepo. Ilikuwa ndege ndogo ya mabomba ya aluminiamu na kitambaa, mbele injini ya pikipiki iliyogongwa, nyuma mkia, na katikati kiti kimoja. Kiti changu. Kurusha nilikuwa nimeshajifunza kwa mwalimu, kwenye ndege yake ya viti viwili, na alikuwa amenipa ruhusa ya kuruka peke yangu. Kilichobaki ni kuruka na ya kwangu mwenyewe. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho, na Baba alijua kuliko mtu yeyote.

Tulipeana masharti siku ya kwanza. "Mbawa zako, kabureta yangu," alisema. "Mimi sigusi mshono, wewe huchezei mafuta." Nikakubali. Mkono wa kuongezea mafuta, ule unaoukamata ukiwa umekaa kitini, aliutengeneza yeye pia. Ukiusukuma ukagota, umegota, na mimi ningejuaje kama kuna zaidi?

Ndege yenyewe haina breki. Injini ikipashwa moto lazima mtu ashike mkia, vinginevyo inakwenda zake bila wewe. Mshika mkia alikuwa Baba. Nilifunga kioo cha pembeni cha pikipiki kwenye bomba la bawa ili nimwone. Nikiwa tayari nainua mkono, naye anaachia. Mgongo wake ni mbovu, ndoo ya maji humshinda, lakini mkia aliushika peke yake huku anajisifu. "Unaona mzee wako? Ng'ombe dume!" Nami nilicheka. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwamba injini inayozuiwa na mzee wa mgongo mbovu ina walakini. Sikushtuka. Mtu humchunguza adui, babake hamchunguzi.

Na zamani alinishika hivyo hivyo. Nilipokuwa mdogo alinifundisha baiskeli kwa kushika kiti kwa nyuma. "Nimekushika, nimekushika," alikuwa akisema, na sauti ilizidi kwenda mbali. Nilipogeuka nikamwona kule, mikono kiunoni, nikaanguka. Uongo ule nilimsamehe palepale, kwa sababu nilikuwa nimeshajua kuendesha.

Basi, ndege haikupaa.

Tuliipeleka kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, kilichobaki malisho ya ng'ombe, mwisho wake mtaro wa maji ya mvua. Ilikimbia vizuri. Ilirukaruka kama kuku aliyetishwa na kurudi chini. Baba alikuja akihema, akapapasa injini kama anayempima mtoto homa, akasema, "Imechoka hii, mwanangu. Tupunguze uzito."

Tukapunguza. Nilitoa kiti cha bati nikasuka cha mikanda. Nilitoa tangi la chuma nikaweka la plastiki. Tulibadilisha magurudumu, tukatoboa matundu kila bomba lililoweza kutobolewa bila kudhoofika. Kitambaa cha mbawa nilikibandua chote, nikashona kingine chembamba zaidi, mshono mmoja mmoja, mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu. Niliacha kula jioni. Mwishowe nikanyoa nywele zangu, ambazo nilikuwa nimezifuga tangu shule, na Baba ndiye aliyeshika mashine ya kunyolea. Alinyoa taratibu, akapangusa shingo yangu kwa taulo, akasema, "Sasa utapaa tu."

Haikupaa.

Propela ya kwanza ilichongwa na rafiki yangu wa tangu utoto, seremala tunayemwita Nusu Inchi kwa sababu kila kitu kwake kimepungua nusu inchi au kimezidi nusu inchi. Aliichonga kwa mti mkavu, akaipiga msasa mpaka ikang'aa. Baada ya majaribio yote yale, mimi na hasira zangu tukamfuata dukani kwake.

"Propela yako," nilimwambia mbele ya wateja, "inafaa kukorogea chokaa."

Alinitazama kichwa. "Akili ni nywele," alisema, "na wewe umezinyoa."

Wateja walicheka. Nikaitupa propela miguuni pake, nikamwambia asinijue. Baba alikuwa amesimama mlangoni, anatazama kucha zake. Tulipokuwa njiani akasema, kwa upole kabisa, "Mti wa siku hizi si mti." Nilimshukuru kwa kuwa upande wangu. Nakumbuka nilimshukuru.

Nikatafuta propela ya kiwandani, iliyotumika. Na siku tuliyoijaribu ndiyo siku ya mtaro.

Upepo ulikuwa mzuri, unatoka mbele. Ndege ilinyanyuka. Magurudumu yaliacha majani, nikafika kimo cha goti, labda cha kiuno, nikapiga ukelele wa furaha. Halafu ikagoma. Haikupanda zaidi wala haikushuka, na mtaro ulikuwa unakuja. Nilisukuma mkono wa mafuta, ulikuwa umeshagota. Nikaibamiza chini kwa nguvu, ekseli ikapinda, tukaserereka, pua ya ndege ikasimama ukingoni mwa mtaro. Nilisikia maji yakipita chini yangu.

Baba alifika mbio, mgongo wake mbovu na yote. Alinifungua mkanda. Kesho yake aliinyoosha ile ekseli, akairudisha, akaikaza.

Wiki iliyofuata alikwenda zahanati kupimwa macho. Nilikuwa peke yangu karakana, nashona turubai la lori, nikasikia harufu ya petroli. Kabureta ilikuwa inadondosha. Masharti ni masharti, lakini petroli haijui masharti, na jiko la Mama liko ukuta wa pili. Nilifungua mfuniko wa kabureta nione gasketi.

Ndani kuna springi, na katikati ya springi unapita waya unaovuta kizibo kwenda juu ili mafuta na hewa viingie. Kwenye waya ule, ndani ya springi, kulikuwa na kibomba cha shaba, kifupi kama kucha ya kidole gumba. Kazi yake haikuhitaji fundi kuieleza: kizibo kikipanda kinagota kwenye shaba, na hakifiki juu. Injini yangu haikuwa imechoka. Ilikuwa imefungwa kamba.

Nilisema labda kilikuja na pikipiki. Nilitaka sana kiwe kilikuja na pikipiki. Lakini kingo zake zilikuwa zimepigwa tupa na kuviringwa ili zisimkate mtu kidole, na kwa ndani zimepitishwa msasa. Duniani namjua mtu mmoja tu anayeviringa kingo za kitu kisichoonekana na mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nguo zangu nilizishona mwenyewe nikidhani nazijua.

Niliketi sakafuni, juu ya chaki. Nilihisi baridi, halafu aibu, halafu hasira ikaja na viti vyake ikakaa.

Aliporudi nilikuwa sebuleni. Mama alikuwa anakunja nguo. Nilikiweka kile kipande mezani. Baba alivua miwani mipya, akaivaa tena.

"Ni nini hiki, Baba?"

Aliyejibu ni Mama, tena bila kuacha kukunja. "Nilikwambia ukitoe, mzee."

Niligeuka. "Mama, ulijua?"

"Nilimwambia akitoe," alisema tena, kama kwamba hilo lilikuwa jibu.

Kwa hiyo nyumba nzima ilijua, isipokuwa mimi na ndege.

"Nilikuwa naogopa," Baba akasema.

"Si ungesema?"

"Ungeacha?"

"Nisingeacha."

"Basi."

"Basi nini? Nimeacha kula! Umeninyoa nywele kwa mikono yako! Nimemtukana mwenzangu mbele za watu kwa propela isiyo na kosa, na wewe unaangalia kucha!"

"Asiyesikia la mkuu..."

"Mkuu hakusema kitu! Mkuu aliweka shaba kwenye kabureta akanyamaza!"

Mama akaacha kukunja. Baba alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Nilijua itashindwa, utachoka, utaiacha. Nilitaka ikushinde yenyewe, usinichukie mimi."

"Na siku ya mtaro?"

Aliinamisha kichwa.

"Siku ya mtaro, Baba. Ningekuwa na nguvu zote ningeuruka ule mtaro na kurudi zangu. Nguvu ulikuwa umezifungia wewe. Ulichoweka ili nisife kilikuwa kinaniua."

"Nilitaka kukitoa jioni ile ile. Halafu nikasema, ameshaogopa, sasa ataacha. Nikangoja."

Nadhani hilo la kungoja ndilo ambalo sijalimeza mpaka leo. Woga ninauelewa. Lakini aliinyoosha ekseli, akaikaza vizuri, akanirudisha kwenye kiti kile na shaba ikiwa ndani, akangoja. Wakati ule wa baiskeli aliniambia amenishika, kumbe ameachia. Safari hii aliniambia ameachia, kumbe amenishika.

Nilidhani nikitoa kile kipande yatakuwa yamekwisha. Hayakwisha. Nilikaa kitini, nikaangalia nati iliyo karibu na goti langu, nikajiuliza nani aliikaza. Baba. Na ile? Baba. Mtu akikudanganya kwa kitu kimoja, vingine vyote alivyogusa vinakuwa swali. Nikaivunja ndege nzima, bolti kwa bolti. Baba alisimama upande wake wa mstari, ananinyooshea spana niliyoihitaji, naye anajua ndiyo ninayoihitaji. Nilivuka nikachukua nyingine kwenye sanduku.

Sikupata kosa hata moja. Kila bolti imekazwa, imefungwa waya wa usalama, na pale kitabu cha mafundi wa ndege kinapotaka waya mmoja yeye ameweka miwili. Nililia, na sikulia kwa furaha. Angekuwa fundi mbaya ningepumzika.

Kwa Nusu Inchi nilikwenda mikono mitupu. Alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda. Nilimweleza yote, mpaka kile kipande nikamwonyesha. Alikigeuza kwenye mwanga. "Kimenyooka," alisema, "hakijazidi hata nusu inchi." Kisha akaenda nyuma ya duka, akarudi na propela yangu. Alikuwa ameifunika gunia, ameipaka mafuta ya kitani. Sikustahili, na nilimwambia hivyo. "Najua," alisema.

Lilibaki jambo moja. Injini ikiwa na nguvu zake zote, hakuna mzee wa kuishika mkia. Nikaunda kulabu ya chuma, nikaifunga chini ya mkia, na waya wake nikaupitisha mpaka kwenye mpini kando ya kiti. Kamba inafungwa kwenye nguzo ya zege iliyobaki pale kiwanjani, inaingia kwenye kulabu, na rubani anajiachia mwenyewe akitaka. Niliichonga, nikaipiga tupa, nikaijaribu kwa kunyanyulia magunia mpaka nikairidhia. Kingo niliziviringa. Mkono ulifanya wenyewe, kabla sijaukataza.

Siku yenyewe Baba alikuja kiwanjani na viatu vyake vya kazi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkia, kama kawaida, akaona kulabu. Aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Alivuta kamba, akakagua fundo kwenye nguzo, akarudi.

"Kulabu nzuri," alisema. "Nani kaunda?"

"Mimi."

"Nilidhani nitashika mkia."

"Huwezi tena, Baba. Sasa ina nguvu." Ningenyamaza hapo ingetosha, lakini nilikuwa na uchungu. "Na hata ungeweza, nisingekupa."

Alitikisa kichwa kukubali. Nusu Inchi, aliyekuja kufunga propela yake, akageukia upande wa ng'ombe.

Nilifunga mkanda, nikawasha. Nilipousukuma mkono wa mafuta ulipita pale ulipozoea kugota, ukaendelea, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwenye injini ile. Kamba ilikaza. Ndege nzima ilitetemeka ikitaka kwenda. Mtaro ulikuwa kule mbele, mwembamba, na sikuuogopa.

Nilikuwa tayari. Na kwa mazoea tu ya miezi yote ile, nikainua mkono.

Kwenye kioo nilimwona Baba. Alikuwa amesimama nyuma ya mkia, mahali pake pa siku zote, mikono ameitanguliza mbele, vidole amevikunja. Alipoona mkono wangu, akavifungua vyote.

Hakuwa ameshika kitu. Ndipo nikavuta mpini.