Mnyonge Hakuzaliwa

Mafuriko ya mwaka wa themanini na nane yalipopungua, Adero aliukuta mwili wa mama mkwe wake umenasa kwenye ua wa jirani. Mkwewe huyo, Mama Perez, alikuwa kipofu. Maji yalipovunja ukingo wa mto, Adero alikimbia na watoto kwanza, akidhani angewahi kumrudia. Hakuwahi.

Siku ya misaada alifika uwanja wa shule, karibu na Ahero, amefura kwa hasira. Bwana Gordon, ofisa aliyetumwa kutoka Kisumu, alipanda juu ya dawati.

"Hatujawasahau wanyonge," alisema. "Waswahili husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki yenu ndiyo hii." Akaonyesha lori la mahindi ya manjano. Watu wakapiga makofi.

Adero hakupiga. "Mzee, huyo mnyonge ni nani?"

Gordon akacheka. "Mama, ni mtu mdogo. Dhaifu. Hana nguvu."

"Amezaliwa hivyo?"

"Mungu ndiye hupanga."

"Usimsingizie Mungu!" Sauti ya Adero ilipasuka. "Vitabu sijui vinasema nini, lakini kunyonga nakujua. Umesema mwenyewe: mnyonge mnyongeni. Basi huyo mtu hakuzaliwa dhaifu, kuna mkono kooni mwake! Mama Perez alilima mpunga mpaka macho yakazima, akalea yatima wa watu. Alikuwa mdogo wapi? Mawe ya kuimarisha ukingo yaliletwa hapa, tukayaona. Malori yakaja yakayabeba. Yako wapi?"

Askari akamkamata mkono. Adero akamgeukia jirani yake Wakoli, fundi mwashi aliyetoka Bungoma.

"Baba Nakhungu, sema! Ama na wewe umekabwa?"

Wakoli akainamisha kichwa. Kwa kitambo hicho Adero alimchukia kuliko alivyomchukia Gordon. Kisha fundi akavua kofia.

"Nilijenga ukuta kule mjini, Milimani kwa matajiri," alisema. "Kwa huyu Bwana. Mawe ni yale yale."

Uwanja ulilipuka. Gordon aliruka chini akakimbilia gari lake, huku akimfokea dereva wa lori aondoke na mahindi. Lakini akina mama walikuwa wameshaketi mbele ya magurudumu. Askari akamwachilia Adero. Hakujua tena amshike nani.

Magunia wakayashusha na kugawana wenyewe. Adero alipojitwika fungu lake, Wakoli alimsogelea.

"Unayachukua, baada ya yote?"

"Nina watoto. Na hii si zawadi. Kesho twende mjini ukaseme hivyo hivyo mbele ya hakimu."

"Watanifunga, Mama."

"Mama Perez amefungwa na udongo," Adero alijibu, akashika njia.

Asubuhi Wakoli alibisha mlangoni, amevaa koti lake la kanisani. Walitembea hadi barabara kuu, Adero akitangulia. Adero alikuwa bado hajamsamehe.