Kipoyi Kwenye Rond-point ya Sake

Njia panda ya Sake ilikuwa imeona ajali moja tu tangu uhuru: lori lilimgonga mbuzi, na soko zima likakubali kwamba kosa lilikuwa la mbuzi. Hata hivyo, mwaka wa sitini na nane, Monsieur Isidore, mkubwa wa barabara, alirudi kutoka masomoni Ubelgiji na rond-point kichwani kama wengine wanavyorudi na malaria. Akapanga duara la mawe katikati ya njia, akayapaka chokaa, akapanda maua ndani, akaamuru kila kipitacho kizunguke kwa mkono wa kulia.

Siku ya kulifungua duara, Mama Nyiramana aliteremka kutoka milimani nyuma ya kipoyi, kitanda cha mianzi kilichobebwa mabegani na majirani. Juu yake alilala binti yake Anne, mwenye uchungu tangu jana, na mtoto amekataa kugeuka. Lori la dereva Kabera, la pekee la kwenda kwa daktari Goma, lilinguruma kushoto, karibu kabisa. Mshale wa Monsieur Isidore ulielekeza kulia.

Polisi Athanase akapuliza filimbi. "Mama, muzunguke! Njo sheria."

"Kipoyi iko na motere?" Mama Nyiramana akainama chini ya mianzi, kama anayetafuta injini.

"Monsieur alisema kila kitu."

Monsieur mwenyewe, suti nyeupe, alikuwa katikati ya hotuba. "Katika rond-point hakuna kugongana uso kwa uso! Ulaya yote wanazijenga! Zinaokoa maisha!"

Anne akapiga ukelele. Mbebaji wa mbele alikuwa anayumba. Na milimani kipoyi cha mgonjwa hakipishwi kwa salamu: ukikutana nacho unatoa bega, uwe chifu, uwe katekista, na huliondoi mpaka mwingine akupokee. Anayekataa, siku yake atajibeba mwenyewe.

"Papa Isidore!" Mama Nyiramana aliita kwa sauti ya kuitia ng'ombe kilima cha pili. "Umekutana na kipoyi. Leta bega!"

"Bega, Papa!" soko likadakia. "Ao Ulaya walikukata bega?"

Isidore alikuwa mtoto wa milima hiyohiyo ya Masisi; desturi aliijua. Akaingia chini ya mti wa kipoyi, akageukia kushoto kama mtu yeyote mwenye akili.

Filimbi ikalia. "Monsieur," Athanase akasema, "mushale inaonyesha ngambo ile ingine."

"Unapita ao unazunguka?" Mama Nyiramana akauliza. "Mutoto hangoje hotuba."

"Toka mu njia, Athanase!" Isidore akafoka, akakata kushoto, akikanyaga maua yake mwenyewe.

Kwenye lori akatafuta wa kumpokea. Wanaume wote wa Sake walikuwa wamefunga mikono, wanatabasamu. Akapanda na kipoyi mpaka Goma, akikishikilia kisirukeruke kwenye mawe ya volkano.

Jioni daktari akamgeuza mtoto, naye akatoka hai, analia kwa hasira. Isidore akasogea, suti imekuwa rangi ya barabara.

"Mama," akanong'ona, "kule Sake useme nilizunguka."

"Papa, soko yote ilikuona." Mama Nyiramana akamwekea mjukuu mikononi. "Kamata huyu mupaka nikupokee. Naenda kuchota maji."