Blanketi la Makambako

Mwezi wa saba, baridi ya Njombe imekwisha kuunguza majani ya viazi shambani, Jumbe Tarsis alifika kwa Manase na blanketi jipya begani. Hakukuta mtu ila Fidelia, binti wa miaka minane, anakohoa jikoni. Akamfunika nalo, akaenda zake.

Manase aliporudi kutoka bondeni alilijua kabla hajaligusa. Jekundu, mstari mweusi pembeni. Ya namna hiyo ndiyo waliyogawiwa watu kambini Makambako kabla ya kupakiwa kwenye lori kwenda kukata mkonge Tanga. Naye aliwahi kujifunika moja. Akakaa huko miaka miwili, akarudi na nguo za dukani na sanduku la bati lenye kanga za kumpa mkewe, Emilia. Emilia alikuwa ameshazikwa tangu masika. Katika mabwana wote wale wa mkonge na makarani wao, hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

Tangu hapo Manase aliacha kununua. Sukari aliacha, mafuta ya taa aliacha, wakawa wanaona kwa mwanga wa kuni. Chumvi tu ndiyo ilimpeleka dukani. Akiuza maharage, fedha inakwenda kwenye kodi, na kodi ya mwaka ule alikwisha kulipa. Watu walimwita bahili. Aliwaacha waseme.

Asubuhi akaenda kwa Jumbe.

"Kamwene, Jumbe. Shika mali yako."

"Si yangu, ni ya Filbert, wakala wa kambini. Mtoto wako ameshalilalia, ndiyo kukubali, na jina lako limeshakwenda kambini. Jiandae, lori linakuja."

"Nikatafute nini? Kodi nimelipa."

"Nani kataja kodi? Mwenzio Lukas karudi na baiskeli, wewe umerudi na kinyongo. Utaishi kama nyani mpaka lini, Baba Fidelia?"

"Mpaka ukome kula kwa kichwa changu. Kila mtu unayempeleka unapewa chako. Mtu asiyetaka baiskeli anakunyima usingizi, eti?"

Jumbe akacheka, lakini vibaya. "Basi kamrudishie Filbert mwenyewe. Akikupakia, usinililie."

Manase alimwacha mtoto kwa jirani yake, Getruda, akatembea. Siku ya pili akaingia Makambako. Wanaume walikuwa wamepanga mstari, blanketi begani, na Filbert ameketi mezani na wino wa kuwekea dole.

Filbert alilinusa lile blanketi. "Linanuka moshi. Nimpe nani? Lilipe, au weka dole hapa."

"Weka, mzee!" mmoja akapaza sauti mstarini. "Tanga kuna joto, mafua yataisha!"

Manase hakuwa na senti. Alivua koti lake, la sufu, ambalo miiba ya mkonge ilimchoma miezi mingi mpaka akalipata. Jingine hakuwa nalo. Akaliweka juu ya meza.

"Lilitoka kwenu, lirudi kwenu. Sasa sina kitu chenu mwilini."

"Na hilo shati?" yule wa mstarini akauliza.

"Hili ni maharage yangu ya kabla ya Tanga, bwana!"

Wakacheka, safari hii pamoja naye. Filbert alipapasa bitana, akalijaribu koti, likamkaa. Akafuta jina la Manase orodhani.

"Utakufa kwa baridi, mpumbavu wewe."

"Nitafia kwangu. Mke wangu alikufa mimi nikiwa kwenu, nakata mkonge wa kamba za kufungia mizigo ya watu nisiowajua. Mtoto hataugua mimi nikiwa kwenu. Andika na hilo."

Filbert hakuandika. Manase akageuka, upepo wa Makambako ukamwingia shatini. Akashika barabara ya Njombe mbiombio ili apate joto, na kila alipotetemeka alitukana: kwanza Filbert, halafu Jumbe, halafu wale wa juu yao ambao hata majina yao hakuyajua.