Gari la Viti Viwili

Kazi zangu katika gereji ile zilikuwa mbili: kuosha magari na kuyasukuma. Kuosha, mtu yeyote anaweza. Kusukuma ndiko kulikonifundisha tabia za magari ya Nakuru, na za wenye magari pia. Kuna gari ukilitia bega linashtuka mara moja kama mtu aliyeitwa jina lake. Kuna lingine unalisukuma mpaka kwenye stendi ya basi, mwenyewe ametulia kwenye usukani anakuambia, "Kaza, boi," na injini haisemi kitu.

Lile jekundu lilikuwa la aina ya pili.

Lilikuwa la mzungu mmoja wa upande wa Njoro tuliyemwita Kapteni. Gari la mbio, la kutoka Ulaya, chini kama kitanda cha kamba, na viti viwili tu. Lilipokuwa zima, sitasema uongo, lilipita barabara ya Gilgil na sauti ikabaki nyuma inalifuata. Lakini Kapteni hakuliegesha tambarare hata siku moja. Akija mjini aliliacha juu, kwenye miinuko ya kuelekea Menengai, pua limeelekeza ziwani. Watu waliona ni madaha. Mimi nilijua ni kwa sababu asubuhi hangeweza kuliwasha bila mteremko.

Sasa Kapteni alikuwa anauza, anahama nchi. Na aliyetaka kununua alikuwa Masinde.

Masinde ni mtu wa kwetu, Mluhya wa Kibukusu, wa ukoo wangu kabisa. Tulifika Nakuru mwaka mmoja, tukalala chumba kimoja mtaa wa Bondeni. Yeye akapata kibali cha kusaga unga, mimi nikanyimwa. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa kibali ni kimoja. Wakubwa wanapenda mtu anayecheka wakicheka, na Masinde tangu zamani alikuwa na meno mazuri. Sina neno. Mke wangu Milcah aliposhikwa na uchungu, gari la wagonjwa lilikuwa limetumwa kubeba viti vya mkubwa mmoja aliyekuwa na karamu. Lilifika likiwa na majani ya maua sakafuni. Milcah alikuwa amekwisha kukata roho, na mtoto naye. Hakuna mkubwa aliyeulizwa hata swali. Masinde alilipia sanduku, nikamshukuru mbele ya watu, na tangu siku hiyo sikuweza kumtazama vizuri.

Hayo yote ningeyameza. Lakini kulikuwa na Adero.

Adero aliuza samaki sokoni, samaki waliotoka Kisumu kwa gari moshi. Mjaluo, mrefu, mdomo mkali, na mkono wake ukikata samaki huoni kisu. Nilianza kununua kwake kila Ijumaa. Nilijua Kijaluo kwa sababu niliwahi kupakia mizigo pale Kisumu, basi tulikuwa tukiongea, ananicheka namna ninavyotamka. Kuna Ijumaa nilimpa jirani samaki wote kwa sababu tumbo lilikuwa linaniuma, lakini kununua nilinunua. Nilikuwa najitayarisha kusema neno. Mtu aliyefiwa haharakishi, watu wanaangalia. Na nikiwa bado najitayarisha, Masinde akasema.

Sasa alikuwa anakwenda kujionyesha kwa wazazi wa Adero kule Kano, upande wa Kisumu, na alitaka kwenda na gari.

Kwa haki ya Mungu, hakununua kama mjinga. Alikuja gereji mara nyingi. Aliinama chini ya lile jekundu akaona tumbo lake lilivyo karibu na ardhi, akauliza litafanya nini kwenye barabara ya udongo, ya murram, yenye tuta katikati. Fundi wetu Hiram alimwambia spea zake zinakuja kwa meli, ukivunja kitu kidogo unangoja mpaka meli ifike Mombasa. Alimwambia pia kabureta zake hazipendi hewa ya milima, anayejua kuzitengeneza yuko Nairobi na ana mashavu ya kiburi. Masinde alisikiliza yote, akakuna kidevu. Upande wa pili wa barabara Muhindi mmoja alikuwa anauza lori dogo la kijivu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, lakini kila alfajiri liliwaka kama jogoo anavyowika. Masinde alikwenda kulitazama hilo pia. Akarudi. Akaenda tena. Nilimwona amesimama katikati ya barabara kama mtu mwenye wake wawili.

Halafu Jumatano moja akaja na Adero. Nilikuwa naosha magurudumu, mikono imejaa tope. Adero alizunguka lile jekundu, akapitisha kidole kwenye boneti, akakaa ndani bila kuambiwa. Alikaa vizuri. Hilo ndilo lililonichoma. Kiti kile ni kama kilipimwa kwake.

Masinde akaniita.

"Wasike, wewe ndiye unayeisukuma. Niambie kama ndugu yangu. Hii gari ni ya kuamini?"

Mzungu mwenye gereji yetu alikuwa ametukataza kusema ubaya wa gari linalouzwa. Angenifukuza siku hiyo hiyo. Nilimtazama Adero mle ndani, nikasema.

"Si ya kuamini. Itakuacha njiani. Chukua lori la Muhindi."

"Nimpeleke Adero kwao kwa lori, akae na magunia?"

"Lori inawaka kila asubuhi. Kazi ya gari ni kuwaka."

"Hata punda huamka kila asubuhi," Adero akasema kutoka ndani ya gari, na Hiram akacheka mpaka spana ikamwanguka. Kisha Adero akamwambia Masinde kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, "Mbona unamwuliza huyu? Huoni macho yake?"

Masinde akayatazama macho yangu. Sijui aliona nini humo. Najua tu kwamba hofu yote aliyokuwa nayo wiki hizo, ya spea na milima na tumbo la gari, ilimtoka usoni pale pale. Alikuwa amepata sababu ya maneno yangu, na sababu yenyewe ilikuwa mimi. Ningemwambia gari ni zuri, pengine angenunua lori.

Alilichukua lile jekundu kesho yake.

Kisha alikuja nyumbani kwangu jioni, amebeba sukari, akakaa kwenye kitanda changu maana kiti kilikuwa kibovu. Alisema kwa Wajaluo mtu haendi kwa wakwe mdomo wazi. Lazima awe na mtu wa kumsemea, wanamwita jagam. Ndugu zake wako Kimilili, kuwapatia ruhusa za kusafiri ni taabu tupu na wakubwa wa sasa. Wa ukoo wetu Nakuru ni mimi, na Kijaluo ninakijua.

"Utanisemea, ndugu yangu," akasema.

Nilimuuliza nitakaa wapi katika gari la viti viwili. Akacheka na yale meno yake. Akasema mimi nitangulie kwa gari moshi, tiketi ameshanunua, daraja la tatu.

Ningekataa ningesemaje? Ukoo ungesikia mpaka nyumbani. Nilikunja koti langu la kanisani nikaenda.

Nilishuka Kibigori Jumamosi asubuhi, nikatembea mpaka bomani kwa Mzee Omolo, baba yake Adero. Walinipokea vizuri, wakafikiri wengine wako nyuma. Mzee Omolo alikuwa mtu mfupi, mkavu, aliyewahi kuchunga reli ya serikali na kuachishwa bila asante, basi tulikuta la kuongea haraka. Tuliwasema wakubwa mpaka chai ikapoa. Mchana ukafika. Wanawake wakaja mlangoni kuuliza kama wateremshe ugali. Mzee akasema wangoje. Wakaja tena. Kuku akakauka kwenye sufuria, na wazee wa jirani waliokuja kumwona mkwe wakaanza kutazama njia, kisha kunitazama mimi.

"Mtu wako yuko wapi?" Mzee Omolo akauliza mwishowe.

Ndipo nikasema. Nilisema kuhusu gari, na milima ya Londiani, na matope ya mwezi ule. Nikasema nilimwonya.

"Ulimwonya, hakusikia?"

"Hakusikia, mzee."

"Mtu anayeleta binti yangu kwa kitu alichoambiwa kitakufa njiani." Alisema hivyo polepole, kama anayepima uzito wake. Wazee wengine wakaguna. Kisha akaniuliza kama nina mke. Nikasema alifariki. Akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Binti yangu alituambia habari ya Mluhya mmoja huko Nakuru. Anasema huyo mtu hununua samaki hata siku ambazo hawezi kuwala. Nilifikiri ni huyu wa gari. Je, ni huyu wa gari?"

Kumbe Adero alijua. Siku zote zile alijua, na akapeleka habari hiyo mpaka kwa baba yake. Nilikuwa na jibu mdomoni, Mungu ni shahidi, nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, na maneno ya Kijaluo yamejipanga vizuri kuliko siku yoyote. Nje watoto wakapiga kelele.

Lilikuja likivutwa na ng'ombe wanne, jua likiwa limeegemea upande wa ziwa. Wekundu haukuonekana. Lilikuwa rangi ya matope mpaka kwenye kioo, na taa moja imening'inia. Masinde alitembea kando yake, suti imeharibika, kichwa chini, mtu aliyekwisha. Nikasema moyoni, haya sasa. Haya.

Halafu nikamwona Adero. Alikuwa peku, gauni amelifunga kiunoni, matope mpaka mapajani, matope kwenye shavu. Kwenye bega la kulia kitambaa kilikuwa kimechanika na ngozi imechubuka. Nalijua jeraha hilo. Mimi ninalo, sehemu ile ile.

Mama yake alilia kwa aibu, binti kuingia bomani hivyo. Mzee Omolo akasimama mlangoni, hajampa Masinde mkono, akamuuliza binti yake kwa nini hawakuliacha hilo takataka wakapanda kitu kingine.

"Lori moja lilisimama, baba," Adero akasema. "Huyu alitaka tupande. Mimi ndiye niliyekataa. Niache gari yangu barabarani watu waichezee? Tumeisukuma. Pale Londiani ilikubali kidogo, ikatushusha mlima wote, ningekwambia vile upepo ulivyokuwa. Ikazima tena. Tukasukuma tena."

Gari yangu, alisema. Na alikuwa anacheka. Kwangu sokoni alicheka pia, lakini kile kilikuwa kicheko cha kuuzia samaki. Hiki sikuwahi kukiona. Masinde aliinua kichwa kumtazama, akasahau hata suti yake.

Alipopita mlangoni Adero aliniona. Hakuona haya, wala hakunifurahia. Alisema tu, "Wasike, umekula?" kama mtu anavyomuuliza shemeji yake.

Mzee Omolo akanirudisha ndani, tukakaa. Mkwe haongei, ndiyo desturi, kwa hivyo Masinde alibaki nje kunawa. Mzee akaniambia kwamba lile la gari amelisikia, na lile la samaki hajajibiwa, lakini ameona binti yake alivyoingia na hana haja ya kuliuliza tena. Alibakiwa na swali moja, na ni langu mimi kulijibu, kwa maana mimi ndiye mdomo wa mtu huyu.

"Yeye mwenyewe, si gari. Ni mtu wa kuamini?"

Neno moja lingetosha. Angeniamini, nilikuwa nimeaminika tangu asubuhi. Nilifikiri kibali cha unga, na meno yake, na wakubwa wanaompa huyu na kumnyima yule bila kutoa sababu. Nikafikiri sanduku la Milcah, ambalo mbao zake zilikuwa nzuri kuliko kitanda alichokuwa analalia. Kupitia dirishani nilimwona Masinde amechuchumaa, Adero anammwagia maji mikononi, na yeye ananyoosha mkono kumfuta tope shavuni halafu anaogopa, kwa sababu yuko kwa wakwe.

"Ni wa kuamini," nikasema. Mzee akangoja kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi.

"Basi wewe ndiye mdomo. Nenda uwaambie nimekubali."

Nikatoka. Boma lilikuwa limejaa, watu wa vijiji vyote wamekuja kuona. Walikuwa wamelimwagia gari maji na wekundu umeanza kutokea. Adero alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, Masinde pembeni yake, na Adero alikuwa amegundua kwamba injini imekufa lakini honi ni nzima. Alikuwa anaipiga, watoto wanaruka, anaipiga tena. Nilisimama mbele ya boneti, koti langu la kanisani limefungwa vifungo vyote, nikasema amekubali.

Hakuna aliyesikia. Nikangoja honi inyamaze, ikabidi niseme mara ya pili.